Soko la dunia lilifika Bibokoboko kabla ya barabara

Maneno ya timu yetu kwa familia zilizohama na viongozi wa jamii waliokutana Baraka

 Tunawashukuru kwa kuacha kazi za leo na kuja kuketi pamoja nasi, zaidi wale waliotoka kambini kwa miguu na watoto mgongoni.

Tulipotangaza kwamba mazungumzo yatakuwa juu ya utandawazi na biashara za kimataifa, mzee mmoja alituuliza kama tumekosa mambo mengine ya kusema. Alisema watu wa Bibokoboko wanataka kurudi nyumbani, hawataki habari za London na Dubai. Neno lake ni zito na hatutalipita. Lakini tunamwomba mzee wetu atuvumilie, kwa sababu katika kazi yetu ya kusikiliza pande zote tumeona kwamba kila tunapofuata ugomvi wa ng'ombe, wa shamba au wa kizuizi cha barabarani, baada ya hatua chache tunakutana na bei. Na bei hiyo mara nyingi haikuwekwa Baraka wala Fizi.

Utandawazi ni ile hali ya mali, pesa, watu na habari kuvuka mipaka upesi, hata jambo lililoamuliwa katika mji wa mbali linabadilisha chakula cha nyumba yako. Kuna wanaofikiri ni kitu kipya kilicholetwa na simu. Sisi hatukubali. Angalieni neno moja tu katika lugha yetu: amerikani, kitambaa cheupe cha pamba. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said wa Zanzibar alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakaanza kuleta pamba iliyofumwa katika viwanda vya kwao. Kitambaa kile kilitoka Zanzibar kikafika Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kikavuka ziwa letu. Kilichorudi ni pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Pembe nyingi ziliishia katika viwanda vya jimbo la Connecticut, zikawa vitana na meno ya kinanda. Kisha Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865, pamba yao ikapungua, na vitambaa vya India vikachukua nafasi. Vita ya kwao ilibadilisha nguo ya mtu wa Tanganyika. Na hata Kiswahili hiki tunachosemea leo, Mbembe, Munyamulenge, Mfuliiru na Munyindu tukielewana bila mkalimani, kilipita njia ile ile ya pembe na minyororo. Ndiyo maana tunapoulizwa kama utandawazi ni mzuri au mbaya, hatuwezi kujibu kwa neno moja.

Tuje karibu. Wazee wanakumbuka SOMINKI, ile kampuni iliyounganisha migodi mingi ya Kivu na Maniema mwaka 1976. Ilikuwa na hospitali, shule, barabara na mishahara. Wengi wanadhani iliuawa na vita ya 1996 peke yake. Ugonjwa wake ulianza mapema. Nchi zinazotoa bati na zile zinazolinunua zilikuwa na chama chao London, kilichoshika bei isianguke kwa kununua bati na kuliweka ghalani. Oktoba 1985 chama hicho kiliishiwa pesa na bei ikaporomoka. Hakuna mtu wa Kivu aliyekuwa katika chumba kile. Lakini kazi ya bati huku ilipungua, wafanyakazi wakaachishwa, na kwa kuwa tangu 1982 serikali ya Zaïre ilikuwa imeruhusu watu binafsi kuchimba dhahabu kwa mikono, vijana wakashika pauro na kuelekea mashimoni. Kwa hiyo mchimbaji tunayemwona leo Misisi ana babu wawili: sheria ya Kinshasa na hasara ya London.

Halafu ikaja koltani. Mwaka 2000 dunia ilitaka simu na mashine za michezo kwa wingi, na bei ya koltani ikapanda mara kadhaa kwa miezi michache. Novemba ya mwaka huo RCD-Goma, waliotawala sehemu hizi wakati huo, walitoa haki ya kuuza koltani nje kwa kampuni moja, SOMIGL, ili pesa zipite mkononi mwao. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Silaha zilizonunuliwa wakati wa bei ya juu hazikuanguka nayo. Aprili 2001 tume ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake juu ya uporaji wa mali ya Kongo, na kuanzia hapo watu wa ng'ambo wakaanza kuuliza: je, simu yangu ina damu?

Hapo ndipo mabishano makubwa yalipozaliwa, na tunaomba viongozi wayasikilize kwa makini kwa maana yatawafikia tena kwa majina mengine.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Dodd-Frank. Sehemu yake moja, ya 1502, inataka makampuni yanayouza hisa kule yaeleze kama bati, koltani, wolframu au dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zake, na kama inalisha watu wenye silaha. Septemba ya mwaka ule ule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Makampuni mengi ya nje yaliona ni rahisi kuliacha eneo letu lote kuliko kutafuta shimo safi na shimo chafu. Waliotetea sheria wanasema ilivunja mfuko wa makundi yenye silaha katika migodi mingi ya bati na koltani, na ilileta utaratibu wa kufunga mifuko kwa vibandiko vinavyoonyesha mahali ilipotoka. Hilo ni kweli. Waliopinga wanasema wachimbaji na familia zao walinyimwa mkate bila kuulizwa, na baadhi yao wakaingia msituni. Mwaka 2014 watafiti na watu wa mashirika 70, Wakongo na wageni, walitia sahihi barua ya wazi wakisema hivyo. Nayo yana ukweli. Watafiti waliopima baadaye walikuta kwamba katika sehemu zilizoguswa na sheria, uporaji dhidi ya raia uliongezeka badala ya kupungua: mwenye bunduki aliyekuwa akiishi kwa kodi ya mgodi, mgodi ukikauka, anashuka kijijini.

Msimamo wetu sisi tunaofanya kazi huku ni huu: swali lililoulizwa Washington lilikuwa zuri, lakini aliyepaswa kuulizwa kwanza alikuwa mama anayeuza fufu mgodini, maana ndiye aliyelipa gharama ya jibu. Hatuungi mkono wale wanaotaka kurudi kwenye biashara isiyoulizwa chochote. Tuliishi ndani yake kuanzia 1998 na tunajua ilivyo.

Kuna jambo moja sheria zile hazikuliweza, nalo ni dhahabu. Sababu yake mtoto anaweza kuielewa. Kasiterite ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo. Lazima ipakiwe katika gari, na gari linaonekana. Dhahabu inapimwa mashimoni kwa njiti za kiberiti. Thamani ya nyumba inaingia katika mfuko wa shati, na mwenye shati anavuka ziwa au mpaka bila mtu kumtazama. Kodi ikiwa ndogo zaidi upande wa pili, itapita upande wa pili. Watafiti wa IPIS waliotembelea migodi ya mashariki wamekuta kwamba karibu wachimbaji wanne kati ya watano wanachimba dhahabu. Machi 2022 Marekani iliweka vikwazo juu ya kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu cha Entebbe, Uganda, pamoja na mfanyabiashara Mbelgiji, ikisema dhahabu ya vita ilipita pale. Januari 2023 Primera Gold, ushirika wa serikali yetu na watu wa Falme za Kiarabu, ulianza kununua Bukavu, na katika mwaka ule mmoja dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyoandikwa rasmi iliruka kutoka kilo makumi machache hadi zaidi ya tani 5. Milima haikuzaa dhahabu mpya mwaka ule. Ilikuwapo siku zote, haikuwa ikiandikwa.

Sasa bei. Mwaka 2001 wakia moja, yaani kama gramu 31, ilikuwa chini ya dola 300. Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Watu wa nchi tajiri wakiogopa vita au kuanguka kwa pesa zao, wananunua dhahabu. Hofu yao inapanda mlima Misisi na kugeuka kuwa ajira, bia, nyama, na pia kuwa vizuizi vya barabarani.

Nyama. Hapa mzee wetu atuelewe. Mji wa machimbo haulimi na haufugi. Unakula mihogo ya Lulenge, ndagala wa ziwani, mafuta ya mawese ya Mutambala, na ng'ombe wa nyanda za juu. Kabla ya miaka hii mibaya, ng'ombe wa Bibokoboko alishuka akauzwa, na mwenye ng'ombe alipanda na chumvi, sabuni, kitenge na ada ya shule. Mbembe alinunua maziwa na Munyamulenge alinunua mihogo. Walitazamana kwa wasiwasi wakati mwingine, ndiyo, lakini kila mmoja alijua bei ya mwenzake. Soko lile lilikuwa ni mkataba usioandikwa. Bei ya nyama mgodini ikipanda, ng'ombe anakuwa mali inayotamaniwa na mtu ambaye hana malisho wala historia naye. Anaweza kuchukuliwa usiku, akabadilishwa mikono mara tatu, akafika mnadani akiwa hana mwenyewe. Anayekula nyama ile hajui chochote. Anayeuza anajua kidogo. Aliyechukua anajua vyote, na pesa zile zinanunua risasi.

Hatusemi kwamba vita ya Fizi na Itombwe ni vita ya nyama na dhahabu tu. Kuna swali la ardhi, la madaraka ya kimila, la wilaya ndogo ya Minembwe, la uraia, la majeshi ya nchi jirani, na kuna damu iliyomwagika ambayo kila jamii ina orodha yake. Mtu anayewaambia kwamba mambo yote ni madini, yeye ni mvivu wa kufikiri au anauza kitu. Tunachosema ni kwamba bei ya mbali inatia mafuta katika moto uliowashwa na sisi wenyewe.

Na kuna upande mwingine wa utandawazi ambao haupendezi kuzungumzwa katika mkutano, lakini tutauzungumza. Watoto wetu wako Marekani, Kanada, Ulaya, Australia. Wabembe wako kule na Wanyamulenge wako kule. Pesa wanazotuma zinaingia katika simu kwa dakika moja, na bila hizo familia nyingi zilizo hapa zisingekuwa na hema wala dawa. Hakuna shirika la kimataifa linaloweza kushindana na kijana anayefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama huko Marekani na kumkumbuka mama yake. Lakini ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza pia michango ya ng'ambo inayokwenda kwa wenye silaha. Na pamoja na pesa inakuja sauti: mtu aliye salama, tumbo limeshiba, anatuma ujumbe wa kuwatukana majirani zenu, na asubuhi ni ninyi mnaokutana nao kwenye bomba la maji. Viongozi, tunaomba mzungumze na watoto wenu wa ng'ambo kwa majina. Waambieni mchango wa shule tutaupokea.

Tuingie sasa katika jambo linalotutia hofu kuliko mengine, nalo ni karatasi zinazosainiwa wakati watu hawapo.

Sheria ya madini ya Kongo ya 2002 ilirekebishwa mwaka 2018. Kufuatana na marekebisho hayo, kampuni yenye haki ya kuchimba inalipa mrabaha, na katika kila franka 100 za mrabaha, 15 ni za eneo lenyewe, yaani sekta, sheferi au mji. 25 ni za jimbo. Tena kampuni inatoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoguswa, na inapaswa kuandikiana na jamii hizo mkataba wa majukumu: shule ngapi, maji wapi, barabara ipi. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Lakini jamii ni nani, kama nusu ya jamii iko kambini Baraka? Chifu atasaini kwa niaba ya nani? Vijiji vilivyobaki vitupu vitaandikwa kuwa vijiji au kuwa pori?

Ndugu Wabembe mnalijua jambo hili kwa mwili wenu. Wengi wenu mlivuka ziwa mwaka 1996 mkaishi Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Meli zilipoanza kuwarudisha hapa Baraka mwaka 2005, wengine mlikuta shamba lina mtu mwingine, kiwanja kina nyumba ya mtu mwingine, na kesi zile bado hazijaisha zote. Leo familia za Bibokoboko zilizotoka Oktoba 2021 ziko katika hali ile mliyokuwa nayo. Hatujui watu wengine katika Kongo nzima wanaoweza kuelewana juu ya jambo hili kuliko ninyi wenyewe mlioketi katika chumba hiki.

Mfano wa kampuni kubwa uko karibu nasi. Banro ya Kanada ilitoa dhahabu ya kwanza Twangiza, Mwenga, mwaka 2011, kisha ikafungua Namoya, ng'ambo ya mpaka wetu na Maniema. Wenye kutetea uwekezaji walionyesha ajira na majengo. Wachimbaji waliotolewa mashimoni walionyesha mikono mitupu. Wenye silaha wakajiweka katikati na kusema wanawatetea, na mwaka 2019 kazi ya Namoya ilisimama. Makosa hayakuwa ya upande mmoja. Lakini ugomvi juu ya nani ni mwenyeji na nani alipaswa kulipwa ulikuja baada ya mashine kufika, na wakati huo mazungumzo yana bei kubwa.

Mashine nyingine zinaweza kuja. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu wa Baraka anafurahia sukari na saruji inayovuka kutoka Kigoma, na ana haki ya kufurahi. Mwingine anakumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba kilichosimama wakati wa vita ya 1996, na anauliza watoto wetu watatengeneza nini kama kila kitu kinatoka ng'ambo. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano Washington, na tarehe 4 Desemba marais wakayathibitisha kule kule, pamoja na mpango wa ushirikiano wa uchumi ambao madini yana nafasi kubwa ndani yake. Siku chache baadaye mapigano yalifika Uvira na watu wakakimbilia Burundi na huku kwetu. Wengine wanasema biashara italeta amani. Wengine wanasema amani inauzwa ili biashara ianze. Sisi tunaona kwamba mpango wowote wa namna hiyo utatafuta sahihi za watu wa chini siku moja, na siku hiyo haitatangazwa mapema.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi tatu, tena ndogo. Ya kwanza ni daftari la mashamba, malisho na makaburi ya Bibokoboko na vijiji vinavyopakana nayo, liandikwe na wazee wa pande zote wakiwa wameketi pamoja, wakati wale wanaokumbuka mipaka bado wako hai. Pale wasipokubaliana waandike kwamba hawakubaliani. Nakala moja ibaki kwa chifu wa sekta ya Mutambala, nyingine kambini, nyingine kanisani.

Ya pili ni mnada wa ng'ombe. Wafugaji, wachinjaji na wanunuzi waweke kamati yao, ya jamii zote, inayouliza ng'ombe ametoka wapi na nani anamjua. Wachinjaji wametuambia wataogopa kuuliza peke yao, na wana haki ya kuogopa. Ndiyo maana tunasema kamati.

Ya tatu ni ya wamama wauzaji. Wao ndio waliobaki wakivuka kati ya jamii wakati wanaume wote waliposimama. Wanajua kizuizi gani kimeongezwa wiki hii na wanalipa shilingi ngapi au franka ngapi. Tunataka habari hiyo ifike kwa viongozi bila jina la aliyeitoa, na timu yetu itatafuta njia salama ya kuipeleka.

Karatasi za kuandika majina ya watakaotengeneza daftari ziko kwa katibu wa kambi kuanzia leo mchana. Kila kijiji kinaomba nafasi nne: wazee wawili, mama mmoja, kijana mmoja. Mzee aliyetuuliza juu ya London tumeshamwandika wa kwanza, kama atakubali, maana tumeambiwa anajua kila jiwe la mpaka kutoka Bibokoboko hadi mtoni. Sasa tunasikiliza maswali, na tunaomba wamama waanze.